Mwili Wenye Nguvu, Mwili Wenye Kufaa

1. Mguu uliokosa kazi

Kila mtu anajua ya kuwa jembe lisilotumiwa huota kutu. Kiungo kisichotumiwa nacho hudhoofika. Mtu akivunjika mguu, mganga huufunga kwa plasta majuma kadhaa, ili mfupa upate kuunga. Siku ile plasta inapoondolewa, watu wa nyumbani hushangaa: mguu ule umekuwa mwembamba kuliko mwenzake. Je, ulikosa chakula? Hapana. Damu ilipita ndani yake kila siku na kuulisha. Mguu ulikosa kazi. Baadaye mgonjwa huanza kutembea tena, polepole, kwa fimbo. Siku kwa siku mguu hunenepa, mpaka unakaribia kulingana na mwenzake.

Mguu huo unafundisha jambo la kwanza la somo hili: mwili hujenga kile unachotumia, tena hupunguza kile usichotumia.

Ni kweli, watu hawakuzaliwa sawasawa. Mmoja ni mrefu, mwingine ni mfupi. Mmoja ana mbio, mwingine ana mabega mapana. Lakini nguvu si mali ya wachache. Karibu kila mwili, hata ulio dhaifu, unaweza kupata nguvu kupita zile ulizo nazo leo. Mwanafunzi anayesema, «Mimi sina nguvu,» angesema vizuri zaidi: «Mimi sina nguvu bado.»

Ndiyo maana katika masomo pana saa ya mazoezi ya mwili. Wanafunzi wengine hudhani ni saa ya kupiga kelele uwanjani tu. Sivyo. Ni somo kama hesabu. Lina kanuni zake, na mwenye kuzivunja huumia.

2. Kazi ya mwili namna ilivyo

Mtu mzima ana mifupa 206. Mifupa ni kama miti ya nyumba: inasimamisha mwili wote. Juu ya mifupa hiyo imefungwa misuli, zaidi ya 600. Misuli ni kama kamba. Kamba inaweza kuvuta, lakini haiwezi kusukuma. Na misuli ni vivyo hivyo: inavuta tu. Kwa hiyo mara nyingi misuli hufanya kazi wawili wawili. Mmoja unakunja kiungo, mwenzake unakinyosha.

Jaribu. Shika mkono wako wa kuume juu ya kiwiko, kwa mkono wa kushoto. Kunja mkono kana kwamba unainua ndoo: msuli wa mbele unavimba. Sasa weka kiganja juu ya meza na kuibonyeza kwa nguvu: msuli wa nyuma unakuwa mgumu. Mwenye kuzoeza msuli mmoja na kumsahau mwenzake ni kama fundi anayejenga ukuta mmoja na kuacha wa pili.

Misuli inahitaji chakula na oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotupa uzima. Mapafu huipokea. Damu huichukua. Moyo huisukuma damu hiyo mpaka vidoleni. Moyo una ukubwa wa karibu ngumi ya mwenyewe. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Akifanya kazi ngumu sana, husukuma lita 20 hata zaidi. Ndiyo sababu mtu anayekimbia huhema, na kifua chake hupiga kama ngoma. Si ugonjwa. Ni moyo na mapafu yakipeleka posho kwa misuli yenye njaa.

Kila mwanafunzi anaweza kusikia moyo wake. Weka vidole viwili, cha pili na cha kati, juu ya mkono upande wa ndani, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba, maana kina mapigo yake chenyewe. Mwalimu atatazama saa. Hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Mtoto aliyeketi kimya mara nyingi hupata mapigo kati ya 70 na 100 kwa dakika. Akisha kukimbia kwa nguvu, anaweza kupita 150. Aketi tena, na mapigo yatashuka.

Sikia sasa jambo la kufurahisha. Mtu akifanya mazoezi kwa miezi mingi, moyo wake wakati wa kupumzika hupiga polepole kuliko zamani. Haukuwa mvivu. Umekuwa hodari. Kwa pigo moja unasukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi.

3. Kanuni tatu

Kanuni ya kwanza: kazi. Msuli hupata nguvu unapofanya kazi kidogo kupita desturi yake. Mwenye kutembea tu hatapata pumzi ya kukimbia.

Kanuni ya pili: polepole. Kazi iongezwe kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya Milo wa mji wa Krotona, mpiga mieleka mashuhuri. Walisimulia ya kuwa kila siku alibeba ndama mmoja mabegani. Ndama alikua kidogo kila siku, na nguvu za Milo zilikua pamoja naye, hata akaweza kubeba ng'ombe mzima. Ni hadithi tu, lakini mafundisho yake ni ya kweli.

Kanuni ya tatu: pumziko. Kazi ngumu hupasua nyuzi ndogo sana ndani ya msuli. Ndiyo sababu mtu husikia maumivu kesho yake au kesho kutwa. Wakati wa kulala na kupumzika, mwili hutengeneza nyuzi hizo na kuzifanya imara kuliko kwanza. Basi mazoezi ni kama kuleta matofali, na pumziko ni kama kujenga. Asiyepumzika ana matofali mengi lakini hana nyumba.

Tuseme katika kalasi ya tano wamo vijana wawili, Petro na Yoane. Mwalimu ametangaza: «Baada ya majuma manane kutakuwa na mashindano. Mtazunguka uwanja mara kumi.»

Petro ni mkubwa, ana miguu mirefu. Anasema: «Mazoezi ni ya wadhaifu. Mimi nitawashinda hivi hivi.» Wenzake wanacheka na kumtazama Yoane, aliye mwembamba kama unyasi. Yoane hawezi kumaliza mzunguko mmoja bila kusimama.

Lakini Yoane anaanza. Juma la kwanza, siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano, anazunguka uwanja mara mbili: nusu anakimbia, nusu anatembea. Siku nyingine anapumzika. Kila juma anaongeza mzunguko mmoja, wala haongezi zaidi. Juma la nne anazunguka mara tano. Juma la nane, mara tisa, na sasa hatembei tena katikati.

Petro anaona Yoane anaendelea, na moyo wake unaingiwa na woga. Zikibaki siku nne, anakimbia mizunguko kumi asubuhi na mizunguko kumi jioni, kwa siku tatu. Siku ya nne mapaja yake yanamwuma kama aliyepigwa fimbo. Hawezi hata kuchuchumaa.

Siku ya mashindano Petro anatoka mbele kama mshale. Mizunguko mitatu hakuna anayemkaribia. Katika mzunguko wa sita anashika ubavu, anapunguza mwendo, anaketi juu ya majani. Yoane anapita. Anamaliza wa nne kati ya wanafunzi 20.

Yoane hakupata zawadi. Lakini majuma manane nyuma hakuweza kumaliza hata mzunguko mmoja. Nani aliyemshinda? Amemshinda Yoane wa zamani. Huyo ndiye mpinzani ambaye kila mwanafunzi anaweza kumshinda.

4. Nguvu ina sehemu tano

Petro si dhaifu. Katika mbio fupi hakuna wa kumfikia. Alikosa sehemu moja ya nguvu, maana nguvu ina sehemu nyingi. Hizi ndizo tano za kwanza.

Pumzi. Ni uwezo wa moyo na mapafu kudumu katika kazi ndefu: kwenda mbali kwa miguu, kulima toka asubuhi, kukimbia mizunguko mingi.

Nguvu ya misuli. Ni uwezo wa kuinua, kuvuta na kusukuma: kubeba kuni, kuinua mtungi, kupanda mti.

Wepesi. Ni uwezo wa kwenda mbio na kugeuka upesi. Mchezaji wa mpira huuhitaji kila dakika.

Ulaini wa viungo. Ni uwezo wa kuinama na kunyosha mwili bila kuumia. Mtu mwenye mgongo mgumu huumizwa hata na kuokota jiwe.

Usawa. Ni uwezo wa kusimama imara. Anayevuka kijito juu ya gogo anajua thamani yake.

Mtu mwenye sehemu moja peke yake ni kama meza yenye mguu mmoja. Mazoezi mazuri huzoeza zote.

5. Afisa wa meli na mazoezi ya asili

Je, masomo yasiyo na vyombo vya chuma wala jengo la michezo yanaweza kufundisha hayo yote? Yanaweza. Aliyeonyesha hivyo ni Georges Hébert, afisa wa jeshi la bahari la Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1875, akafa mwaka 1957.

Mwaka 1902 alikuwa akitumikia upande wa kisiwa cha Martinique. Tarehe 8 Mei mwaka huo mlima wa moto uitwao Pelée ulilipuka, ukauharibu mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache. Watu wapata 28,000 walikufa. Siku kama ile haimpi mtu nafasi ya kusema, «Ngoja kwanza nijifunze kukimbia, nijifunze kuinua.» Katika hatari mtu hutumia nguvu aliyojiwekea zamani.

Katika safari zake Hébert aliona watu wa nchi nyingi, na wa Afrika pia. Aliwaona wana miili mizuri, yenye nguvu na wepesi. Lakini hawakuwa na mwalimu wa jimunastiki. Kazi zao na maisha yao ndiyo yaliyowazoeza. Aliporudi Ufaransa akawafundisha askari wa bahari kwa njia hiyo, na mwaka 1912 akatoa kitabu chake juu ya njia ya asili ya kuzoeza mwili.

Alipanga mazoezi katika jamaa kumi: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa mikono na miguu, kupanda, kusimama kwa usawa, kutupa, kuinua, kujikinga na kuogelea.

Mtoto wa kijiji anayajua karibu yote. Anatembea kwenda mtoni. Anakimbiza mbuzi. Anaruka mfereji. Anapanda mwembe. Anavuka juu ya gogo. Anatupa jiwe ili aangushe embe. Anainua ndoo ya maji. Ni kweli ya kuwa wasichana, wanaochota maji na kutwanga mihogo, mara nyingi hufanya mazoezi mengi kuliko kaka zao. Lakini kazi ya namna moja tu huzoeza sehemu moja tu ya mwili, na mzigo mzito mno huumiza mgongo wa mtoto. Kwa hiyo nao wanahitaji saa yao ya kukimbia, kuruka na kucheza kama wavulana. Uwanja si wa wavulana peke yao.

Hébert alikuwa na neno moja alilolirudia: mtu awe na nguvu ili afae. Neno hilo tutalirudia mwishoni.

6. Saa moja ya mazoezi

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri hili: watoto na vijana wenye miaka 5 hata 17 wautumikishe mwili vizuri kwa dakika 60 kila siku, kwa kadiri ya siku zote za juma. Tena, siku tatu katika juma wafanye kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Dakika hizo si lazima zifuatane. Kutembea upesi kwenda masomoni huhesabiwa. Mpira wa jioni huhesabiwa.

Mwalimu anaweza kupanga somo la dakika 40 hivi:

Dakika 5 za kupasha mwili moto. Tembea, kisha kimbia polepole. Zungusha mikono, mabega na nyonga. Msuli wa baridi hupasuka upesi.

Dakika 10 za pumzi. Kimbia mwendo wa kuweza kusema na mwenzako. Asiyeweza kusema neno amekimbia upesi mno, apunguze.

Dakika 10 za nguvu na usawa. Jisukume kwa mikono juu ya majani, mara tano, pumzika, mara tano tena. Chuchumaa na kusimama. Tembea juu ya gogo. Ruka kwa mguu mmoja.

Dakika 10 za mchezo: mpira, kuvuta kamba, kupokezana kijiti. Mchezo hufundisha kutii sheria, kupokea kushindwa bila hasira, na kushinda bila majivuno.

Dakika 5 za kutuliza mwili. Tembea. Nyosha miguu na mgongo polepole, bila kuruka-ruka. Hema kwa utaratibu.

Kisha kila mmoja anawe mikono na anywe maji safi.

7. Chakula, maji na usingizi

Moto hauwaki bila kuni. Mwanafunzi asiyekula asubuhi atachoka kabla ya mwalimu kufungua kitabu. Bukari, mihogo, wali na ndizi hutoa nguvu ya kazi. Maharagi, karanga, samaki, mayai na nyama hujenga misuli. Sombe, mboga nyingine na matunda hulinda mwili. Bukari peke yake kila siku hushibisha tumbo, lakini huacha misuli na njaa.

Tena kuna jambo ambalo kila nyumba ya Kongo ipaswa kulijua. Mihogo michungu ina sumu. Lazima iloweshwe kwa siku kadhaa, tena ianikwe vizuri juani. Wakati wa njaa au wa haraka watu hupunguza siku za kulowesha. Mwenye kula mihogo hiyo majuma mengi, bila samaki wala maharagi, anaweza kupata ugonjwa wa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mganga aitwaye Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, kutoka nchi ya Kwango. Konzo hupooza miguu kwa ghafula, na miguu hairudi kama zamani. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Siku mbili au tatu zaidi ndani ya maji zinaweza kuokoa miguu ya mtoto kwa maisha yote.

Maji nayo ni lazima. Anayetoka jasho apate kunywa kabla ya mazoezi, katikati na baadaye. Maji ya mto yachemshwe kwanza. Mazoezi makali yasifanywe katika jua la adhuhuri. Asubuhi na jioni ni bora.

Usingizi ni fundi wa usiku. Mtoto mwenye miaka 6 hata 12 anahitaji kulala saa 9 hata 12 kila usiku. Alale ndani ya chandarua, maana mbu wa malaria huuma usiku.

8. Asiyepaswa kukimbia leo

Mwalimu mwenye busara hatazami wale wa mbele tu. Anatazama pia wa nyuma, na kuuliza kwa nini wako nyuma.

Mwenye homa asikimbie. Apelekwe kwa mganga apimwe malaria. Kumlazimisha ni kumwongezea ugonjwa.

Mtoto mwenye kuchoka upesi, ambaye ndani ya macho na midomo yake ni meupe, labda hana damu ya kutosha. Pengine ana minyoo ya safura. Minyoo hiyo hukaa katika udongo wenye uchafu wa choo, huingia kwa ngozi ya miguu, na hunyonya damu tumboni. Viatu, choo kizuri na dawa ya minyoo humponya.

Mtoto mwingine ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita SS. Alizaliwa nao, aliurithi kwa baba na mama wote wawili. Hakurogwa, wala hauambukizi. Chembe za damu yake hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, kwa hiyo hupata maumivu makali katika mifupa. Mtoto huyo anaweza kucheza kwa kiasi, lakini anywe maji mara kwa mara, asipate baridi, na apumzike anapotaka mwenyewe. Anaposema, «Nimechoka,» asichekwe na asisukumwe. Kicheko cha wenzake kinaweza kumfanya akimbie kupita kiasi, na kukimbia huko kunaweza kumwua.

Na yule ambaye mguu wake ulilemazwa na polio? Asiketishwe chini ya mti kila mara kulinda nguo za wengine. Mikono yake inaweza kutupa, kuvuta na kuinua. Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, mganga Ludwig Guttmann aliwatunza askari walioumia uti wa mgongo vitani. Tarehe 29 Julai 1948 aliwaandalia mashindano ya kupiga mishale, wakiwa katika viti vya magurudumu. Walikuwa 16 tu, wanaume na wanawake. Mwaka 1960, mjini Roma, walikutana wachezaji 400 wa nchi 23. Hiyo ndiyo michezo iitwayo leo Paralimpiki. Ilianza kwa mtu mmoja aliyekataa kuwaacha wagonjwa wake wakilala tu.

9. Nguvu kwa kazi gani?

Turudi kwa Petro na Yoane. Miezi imepita, mvua ni nyingi. Usiku mmoja mama wa jirani amepatwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto hatoki. Mtandao wa simu umekatika. Dispanseri iko mbali kilometa nne, na katikati kuna kijito kilichojaa.

Wazee wanamtuma Yoane. Anakimbia gizani, mwendo ule ule aliojizoeza uwanjani, bila kusimama, na kumwamsha mwuguzi. Nyuma yake watu wanamleta mama kwa machela. Kwenye kijito maji yanafika kiunoni. Petro anashika pembe moja ya machela pamoja na watu wazima, anaiinua juu ya bega, na bega lake halitetemeki. Mwuguzi anakutana nao ng'ambo. Mama anajifungua salama kabla jua halijatoka.

Usiku ule hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza katika mashindano. Pumzi ya Yoane ilikuwa na kazi yake. Mabega ya Petro yalikuwa na kazi yake.

Huo ni mfano tu. Lakini kuna mtu wa kweli wa Kongo ambaye maisha yake yanafundisha vivyo hivyo. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akasoma katika koleji ya Boboto ya Wayezuiti. Alikuwa mrefu wa meta 2 na sentimeta 18. Mwaka 1987 alikwenda Marekani, katika chuo kikuu cha Georgetown, akitaka kuwa mganga. Huko akaingia katika mchezo wa mpira wa kikapu, na tangu mwaka 1991 hata 2009 alicheza pamoja na walio hodari kupita wote duniani. Wengi walimjua kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Hakuwa mganga. Lakini alitumia mali aliyoipata kwa mwili wake kujenga hospitali katika mji wa Kinshasa. Ilifunguliwa mwaka 2007, na aliipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Yeye alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Vikombe vyake viko kabatini. Hospitali yake inapokea wagonjwa.

Mwili tumepewa na Mungu kama shamba. Hakuna anayelima shamba ili alitazame. Hulilima ili nyumba ile, na mgeni ale. Mwanafunzi azoeze mwili wake kila siku, polepole, kwa kiasi, si kwa kuwaonea wadogo wala kujisifu uwanjani, ila ili siku watu watakapomwita usiku, aweze kusema: «Niko hapa,» na miguu yake imfuate.

Maulizo

1. Kwa nini mguu uliofungwa plasta huwa mwembamba?
2. Misuli inaweza kusukuma? Eleza kwa nini mara nyingi hufanya kazi wawili wawili.
3. Taja kanuni tatu za mazoezi. Petro alivunja zipi?
4. Yoane alikuwa wa nne. Kwa nini tunasema alishinda?
5. Taja sehemu tano za nguvu, na kwa kila moja kazi moja ya nyumbani.
6. Mwenzako mwenye SS anasema amechoka. Utafanya nini? Utawaambia nini wanaomcheka?
7. Mihogo michungu hutengenezwaje kwenu? Huloweshwa siku ngapi? Uliza mama au nyanya yako.

Kazi ya juma hili

Asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo wako kwa nusu dakika, zidisha mara mbili, na andika hesabu katika daftari. Fanya hivyo siku tano. Rudia tena baada ya miezi mitatu ya mazoezi, ulinganishe.